Mwenye Zamu Ndiye Analala Nayo

Ukifika Kwihara ukauliza nyumba ya Kornel mwenye mizinga, utaoneshwa nyumba ya bati yenye banda la mbao ubavuni. Nyuki usiwaogope, wako porini huko. Bandani mna mbao, randa, msumeno na mizinga mitupu inayongoja wanunuzi. Zamani banda hilo lilikuwa na makelele yake. Kornel alikuwa mtu wa kucheka kicheko cha kumfanya jirani aepue chungu aje kuuliza kuna nini. Halafu kicheko kikakatika. Watu wa Kwihara ni wastaarabu, wakamwacha na kimya chake, wakawa wanampitia mbali na salamu yao ya asubuhi, "mwangaluka", naye anaitikia huku macho yako kwenye ubao.

Juu ya meza yake ya kazi, kwenye vumbi la mbao, palikuwa na kitu kimefunikwa kwa kitambaa alichokifuma marehemu mkewe, Demetria. Ukikifunua ulikuta ubao wa plastiki wenye miraba myeusi na myeupe, vitaa vidogo pembezoni, na vitufe vyenye picha za mfalme, malkia, farasi na wenzao. Ilikuwa mashine ya chesi, ile sataranji ya wafalme na maaskari. Haikujua kupiga picha wala kutuma hela wala kusoma habari. Ilijua chesi tu, na kwa hiyo chesi iliishinda Kwihara nzima, mapadri wakiwemo.

Na kilichomfunga Kornel kinywa ni hiki: ndani ya mashine ile mlikuwa na mchezo usiokwisha, na aliyekuwa akicheza naye alikuwa amekufa.

Mwenzake huyo aliitwa Majidi. Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, fundi wa ishara na simu za reli, aliyeletwa Tabora na kazi akiwa kijana na asirudi kwao tena. Walikutana stesheni. Kornel alikuwa na madumu ya asali mabegani, anataka kuyasafirisha kwa treni na hajui aulize dirisha gani. Sauti ikatoka ndani: "Wewe mpagazi! Babu zako walifikisha mzigo Bagamoyo bila kuuliza njia, wewe stesheni imekushinda?"

Mtu mwingine angetafuta ugomvi. Kornel alishusha madumu taratibu, akaisikiliza ile lafudhi, akatabasamu. "Kumbe ni Mzaramo," akasema. "Ndiyo maana kazi imelala humu. Mtumwa wangu, toka nje uje unibebee."

Walicheka mpaka abiria wakageuka. Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ni wa tangu enzi za misafara. Babu wa huku walipita kwa babu wa kule na mizigo vichwani, wakala kwao, wakalala kwao, wakatukanana njia nzima, na aliyefia njiani akazikwa na wale wale waliomtukana. Mtu akipata mtani hana haja ya kutambulishwa. Tangu siku ile wawili hao hawakuitana kwa majina yao.

Mashine aliileta Majidi. Aliikuta Dar es Salaam alipokwenda likizo, kwenye rundo la mitumba ya vifaa vya umeme, na muuzaji aliiuza kama mizani iliyokosa sahani. Kete mbili hazikuwepo, malkia mweupe na farasi mweusi, na Kornel akazichonga kwa mninga. Malkia alitoka mzuri, mwekundu kati ya wenzake weupe, amesimama kama bibi harusi aliyekosea msikiti. Farasi alitoka na masikio marefu, na Majidi akamwita punda mpaka siku aliyokufa.

Mwanzoni walicheza dhidi ya mashine, na mashine ikawachapa wote wawili bila huruma. Majidi hakukasirika kufungwa. Kilichomuudhi ni ule ukimya. "Inashinda lakini haicheki," alisema. "Mtu akifungwa bila kuchekwa hajafungwa." Basi wakagundua kitufe kinachoifanya itulie iwe hakimu tu: iwaache wachezane wenyewe, ikatae mwenye kuiba, na ikumbuke kila kete iko wapi. Hapo ndipo raha ilipoanza. Majidi alikuwa Mwislamu wa swala tano na Kornel Mkatoliki wa kushika rozari, kwa hiyo kete ya askofu haikuwahi kupumzika. Kila alipoisogeza Majidi alitangaza, "Askofu wenu huyo, katoka kanisani, tazama anavyokwenda upandeupande!" Na Kornel akimla askofu yule alimjibu kwamba amemsaidia kazi imamu.

Walikutana Jumamosi. Majidi alikuwa na mguu mbovu, hivyo Kornel ndiye aliyepanda baiskeli kutoka Kwihara hadi Cheyo, mtaa wa mjini alikokaa Majidi, kwa njia ile ile ya wapagazi, na Majidi hakumwachia nafasi ya kulisahau hilo. Jioni ikiwakuta mchezo haujaisha, kete zilikusanywa kwenye mfuko wa kitambaa, na mashine ikazimwa na kila kitu kichwani mwake. Walikuwa na sheria moja tu: mwenye zamu ndiye analala nayo. Kama zamu ni ya Kornel, aliifunga nyuma ya baiskeli, akaenda kuumiza kichwa kwake wiki nzima. Kama ni ya Majidi, ilibaki Cheyo, na Majidi akishacheza alipiga simu kwa maneno yale yale: "Nimekujibu. Njoo uchukue mzigo wako, mpagazi."

Demetria alipofariki, Majidi alikuja msibani akichechemea. Akajifunga kilemba cha marehemu, akashika kiuno, na mbele ya kaburi bichi akaanza kumgombeza Kornel kwa sauti ya Demetria: kwa nini ameingia ndani na nyuki kwenye koti, kwa nini kitanda kinanuka moshi, kwa nini mtu mzima anapenda farasi wa plastiki kuliko mkewe. Watu walicheka huku wakifuta machozi. Kornel naye alicheka, na kicheko kile ndicho kilichomvusha siku ile. Pasipo hicho asingejua afike vipi nyumbani. Halafu Majidi akakwapua simu ya marehemu, kitochi chake kidogo, akaapa hakitoi mpaka akombolewe kwa jogoo. Ndiyo haki ya mtani. Jogoo akatolewa, kitochi kikarudi, na kilipofunguliwa kikakutwa hakina betri.

"Jogoo wako alikuwa mwembamba," Majidi alisema. "Nimekata kilichopungua."

Kornel hakununua betri nyingine. Angeinunua ili ampigie nani?

Basi wakabaki wawili, mgane wa Kwihara na mgane wa Cheyo, kwa maana mke wa Majidi alitangulia zamani na binti yake wa pekee, Mwanahawa, alikuwa na maisha yake Dar es Salaam. Wiki nzima ilikuwa ya kupita tu ili Jumamosi ifike. Mpaka asubuhi moja ya katikati ya wiki, masika yakielekea ukingoni, simu ya Kornel ikaita.

"Nimekujibu. Njoo uchukue mzigo wako, mpagazi."

"Umekula siku nne kunijibu?"

"Haraka haraka haina baraka. Njoo leo, bwana. Nina jambo la kukuonesha."

"Leo napeleka mizinga kwa watu. Kesho asubuhi nipo hapo."

"Haya. Chai nitaiweka," Majidi akasema, akakata simu.

Alianguka magharibi ya siku hiyo hiyo, barazani kwa msikiti, viatu mkononi. Kornel alifika asubuhi kama alivyoahidi, akakuta watu wamejaa mlangoni.

Ilikuwa zamu yake kulipa. Mtani wa marehemu ndiye anayeushika msiba mkono: amuigize marehemu, awachekeshe wafiwa, azuie hata kaburi mpaka apewe chake. Wazee walioujua utani walimtupia Kornel jicho, wakimngoja achechemee na mguu ule, adai fidia ya matusi aliyotukanwa miaka yote. Kornel alisimama ameshika kofia yake kwa mikono miwili, akalia kwa sauti. Mtani halii. Mtani akilia, nani abaki wa kuwachekesha wengine? Majidi akazikwa kimya kimya kama mtu asiyekuwa na mtani, na Kornel aliijua aibu hiyo na kutembea nayo.

Siku ya kuondoa tanga alijaribu kuirekebisha. Mwanahawa alikuwa amekwisha kufika, anafungasha vitu vya baba yake. Mashine ilikuwa juu ya kabati, na mfuko wa kete pembeni yake. Kornel akajikaza, akaikwapua, akaikumbatia kifuani, akasema kwa sauti ya kutangaza, "Hii siitoi mpaka nikombolewe!"

Mwanahawa alimtazama kwa upole. Alikulia mjini, utani aliusikia redioni tu. "Shikamoo, baba mdogo," akasema. "Ichukue tu. Sisi hatuna kazi nayo."

Kornel alisimama mlangoni kidogo, akingoja kukimbizwa. Hakukimbizwa. Nyuma yake alimsikia mtu akisema "kufa kufaana," na hapo akajua kwamba mzaha wake umekuwa wizi mdogo ulioachwa upite. Akaifunga mashine nyuma ya baiskeli, akashika njia ya Kwihara.

Hakuiwasha. Mvua zilikwisha, njia ikawa vumbi, watu wakavuna, na mashine ikawa imelala pale pale chini ya kitambaa. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini la Majidi lilikuwepo. Alisema mwenyewe kwa kinywa chake: nimekujibu. Mle ndani mlikuwa na jibu lake, kete moja aliyoisogeza siku ya mwisho ya uhai wake, na Kornel alikuwa hajaiona. Akiiona, itabidi aijibu. Akiijibu, nani atampigia simu? Bora ikae. Kila asubuhi alijiambia kwamba bado ana neno moja la Majidi ambalo hajalisikia, na hilo lilimtosha kuamka.

Akiba haiozi, wanasema, lakini wasemao hawajawahi kuacha betri za redio ndani ya mashine. Siku moja aliinua kitambaa apanguse vumbi, akaona unga mweupe umechungulia kwenye mfuniko wa betri. Akaufungua. Betri zilikuwa zimevuja, zimeota chumvi, moja imepasuka ubavu. Mambo ya betri yalikuwa ya Majidi. Yeye Kornel kazi yake ilikuwa kubeba. Alijua jambo moja tu, kwamba mashine yenye kukumbuka inakumbuka kwa umeme, na ukiutoa umeme umetoa na kumbukumbu.

Akaifunga nyuma ya baiskeli, akaenda mjini kwa Raymundi, fundi redio wa karibu na soko. Raymundi aliigeuza, akanusa, akatikisa kichwa.

"Mzee wangu, hizi zitoke leo. Huu uchafu ukishuka kwenye saketi umekwisha."

"Zikitoka, itakumbuka mchezo uliomo?"

"Kwa kawaida mashine za zamani namna hii zinasahau. Itaanza upya, kete zote nyumbani kwao. Shida iko wapi? Utacheza mwingine."

Kornel aliivutia mashine upande wake.

"Au lete simu yako," Raymundi akaendelea, mtu mwema kweli, "nikuwekee chesi humo. Bure. Utacheza hata na Mchina."

"Mchina atanitukana?"

Raymundi alidhani mzee anaogopa matusi, akamhakikishia kwamba hapana, siku hizi wanaheshimiana. Kornel akashukuru, akaichukua mashine yake, akarudi nayo ilivyo. Alinunua tu betri mpya, akazitia mfukoni, asijue atazitumiaje.

Alipofika bandani aliiweka juu ya meza, kifudifudi, akakaa akiitazama. Akiziacha betri, uchafu unaula mchezo. Akizitoa, mchezo unafutika. Njia zote mbili zilikuwa zinaishia kwenye kaburi lile lile la Cheyo. Aliogopa kama hakuwahi kuogopa tangu Demetria alipougua, akajicheka kidogo kwa kuogopa plastiki, kisha akaogopa tena. Mwisho akachukua bisibisi. Mtu wa mizinga hawezi kukaa mbele ya sanduku bila kutaka kujua ndani kukoje.

Parafujo zilitoka kwa urahisi, kama zimewahi kufunguliwa. Akainua mgongo wa mashine polepole, kwa mazoea ya kuinua mfuniko wa mzinga, akiegemeza kichwa pembeni.

Alitarajia nini? Hata yeye asingesema. Kitu kilichowashinda watu wazima wawili kwa miaka, alidhani kitakuwa kimejaa, kimeshonana, kinavuma. Ndani mlikuwa na hewa. Karatasi za plastiki zenye mistari chini ya miraba, nyaya chache, na saketi moja isiyozidi kiganja chake, yenye kidude cheusi cha miguu mingi kama tandu. Basi. Ilikuwa kama mzinga uliohamwa na nyuki, unaoufungua umejipanga kwa moshi na glavu, ukakuta harufu tu. Majidi hakuwemo. Kornel alijua tangu mwanzo kwamba hatakuwemo, yeye si mtoto. Lakini aliumia kana kwamba ameambiwa msiba upya.

Halafu akaona kona ya kushoto.

Palikuwa na kitu ambacho kiwanda hakikukiweka. Betri ndogo bapa ya simu, imeegeshwa kwenye kona na kufungwa, na waya mwekundu na mweusi zikatoka kwake hadi kwenye saketi, zimelehemewa kwa risasi safi. Nyaya zenyewe zilishonwa pamoja kwa uzi uliopakwa nta, fundo, nafasi, fundo, nafasi, jinsi mafundi wa ishara wa zamani walivyofunga nyaya zao zote za reli. Nta ile Kornel aliijua. Majidi alikuwa akimwomba kibonge kila mwaka na hakusema cha nini, na Kornel alimwambia mara zote kwamba Mzaramo hata nta anakula.

Akainamisha uso karibu zaidi. Ubavuni mwa betri palikuwa na kipande cha plasta, ya kufungia kidonda, kimekunjwa mara mbili. Plasta ile aliikata yeye mwenyewe kwa mkasi wa kukatia kitambaa, kwa sababu betri ya kitochi cha Demetria ilikuwa ikicheza na simu kuzimika katikati ya maneno, na Demetria alikuwa na maneno mengi.

"Mzaramo wewe," Kornel akasema bandani peke yake. "Mzaramo wewe, mwizi."

Akampigia Raymundi simu, akamweleza alichokiona: betri ya simu, nyaya mbili, na kidude cheusi chenye mstari mweupe katikati ya waya mwekundu.

"Aa, mzee!" Raymundi akasema. "Aliyefanya hivyo alikuwa anajua. Hiyo ndogo ndiyo inashika kumbukumbu betri kubwa zikitolewa, na hizo kubwa zikiwa nzima zinaijaza. Kama haijafa, mchezo wako upo. Toa kubwa, safisha, weka mpya."

"Kama haijafa?"

"Hilo utalijua ukiwasha, mzee wangu."

Akazitoa betri zilizovuja moja moja. Akakamua ndimu kwenye kikombe, akachovya mswaki wa zamani, akasugua vyuma vya kushikia betri mpaka chumvi ikaacha kutoa povu, akavifuta na kuvipuliza vikauke. Hakuigusa ile kona ya kushoto. Akarudisha mgongo, akakaza parafujo, akapachika betri mpya. Jua lilikuwa bado juu ya miti. Akaigeuza mashine uso wake ukatazama juu, akafanya ishara ya msalaba, na kwa kuwa mwenye mchezo alikuwa Mwislamu akaongeza bismillahi, akabonyeza.

Ilipiga mlio wake mfupi. Kando ya ubao palikuwa na vitaa viwili, kimoja cha mchezaji mweupe na kimoja cha mweusi, na kinachowaka ndicho chenye zamu. Kornel alicheza nyeupe siku zote, maana Majidi alisema mgeni hutangulizwa. Kama Majidi alimjibu kweli, kitaa cheupe ndicho kingewaka.

Kiliwaka cheusi.

Kornel alidhani hajaona vizuri. Akafuta miwani, akatazama tena. Ilikuwa zamu ya Majidi. Akamwaga kete mezani, akaanza kuiuliza mashine kitufe kwa kitufe: mfalme yuko wapi, ngome ziko wapi, punda yuko wapi, na mashine ikamuonesha kwa vitaa vyake, naye akapanga. Kila kete ilikuwa pale alipoiacha Jumamosi ile ya mwisho. Haikusogea hata askari mmoja. Miezi yote aliyokuwa akilinda jibu, jibu halikuwepo. Majidi hakuwa amecheza.

Mbona alisema amejibu? Kornel alikaa na swali hilo, ameinamia ubao, na kidogo kidogo macho yake yakauona ubao wenyewe. Jumamosi ile wingu lilikuwa limetanda, na yeye alisogeza askari mmoja kwa haraka ili awahi kurudi kabla ya mvua. Askari yule alikuwa amekinga njia. Alipoondoka, njia ikabaki wazi upandeupande, kutoka kwa askofu mweusi wa Majidi moja kwa moja hadi kwa malkia mwekundu wa mninga. Hata anayejifunza angeliona. Majidi aliliona kabla baiskeli haijatoka Cheyo.

Na hakumla. Alikaa naye siku nne nzima, malkia yuko mkononi, hakumgusa. Kumla peke yake sebuleni, na uso wa Kornel haupo wa kutazamwa, kulikuwa na raha gani? Mtu akifungwa bila kuchekwa hajafungwa. Akangoja, kungoja kukamshinda, akapiga simu akadanganya kwamba amejibu ili mtu aje. Nina jambo la kukuonesha. Njoo leo, bwana. Kornel aliyasikia maneno yale upya, na safari hii alisikia kilichokuwa ndani yake, kwamba yule mtu wa mzaha alikuwa mpweke kama yeye. Alilia, na hakuwa na mtu wa kumficha.

Alipomaliza kulia aliinuka. Akaizunguka meza, akaliburuta gogo la kukalia upande wa pili, upande wa nyeusi, na alipokuwa analiendea alichechemea. Akakaa kwa kunyoosha mguu mmoja mbele. Akapapasa goti, akakohoa kikohozi kile cha mtu anayetaka kila mtu ajue kwamba anafikiri. Akatazama kiti chake mwenyewe kilichokuwa kitupu, akakitolea meno.

"Mpagazi," akasema kwa sauti ya Kisarawe. "Umepanda baiskeli kutoka Kwihara mpaka hapa, umekunywa chai yangu, umekula mkate wangu, halafu malkia unamwacha uchi njiani? Babu zako walibeba pembe hazikupotea hata moja!"

Akamwinua askofu mweusi, akamgonga kwenye mraba wake, kitaa kikawaka. Akambeba upandeupande, taratibu, njia nzima, kama Majidi alivyopenda. Akamtoa malkia wa mninga, akamgonga askofu mahali pake.

"Askofu wenu huyo," akasema. "Askofu wenu mwenyewe, Mkatoliki, ndiye aliyekumaliza."

Mashine ikapiga mlio. Na Kornel akacheka. Kilitoka kicheko cha zamani, kile cha kuepua chungu, kikagonga bati na kurudi, na machozi yakashuka pamoja nacho, na hakujua kipi kinaongoza. Kwa mara ya kwanza tangu azikwe, Majidi alikuwa na mtani.

"Mzee Kornel!" Sauti ilitoka kwenye ua wa jirani, kwa Imakulata, na mwiko bado mkononi bila shaka. "Kuna nini huko? Una mgeni?"

Kornel alitazama gogo alilokalia, kisha kiti kilichokuwa mbele yake.

"Alikuwepo," akaitikia. "Ameshaondoka."

Imakulata alingoja kidogo, akarudi jikoni. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya miti. Kornel alikusanya kete moja moja akazitia kwenye mfuko, malkia wake akamtia wa mwisho. Kando ya ubao kitaa cheusi kilikuwa kimezimika, na cheupe kilikuwa kinawaka. Sasa ilikuwa zamu yake, na mwenye zamu ndiye analala nayo. Akaizima, akaifunika kwa kitambaa cha Demetria, akaibeba mikononi mpaka ndani ya nyumba.